Shelfu za dukani ndani ya mlango uliozibwa: shajara ya mradi, Lamu

Hii naiandika kwa ajili ya mtu mwenye nyumba ya mawe ya zamani ambaye amenunua, au yuwafikiria kununua, zile shelfu za floting za dukani zisizoonyesha chuma, na anataka kuzipachika ndani ya shubaka. Nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha. Kama unakaa fleti ya bloku na kuta zako zimenyooka basi nusu ya haya hayakuhusu, fuata ile karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya boksi umalize kazi yako.

Jumamosi 5 Julai 2025: kupima

Nyumba iko Mkomani, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu, ni nusu ya nyumba kubwa iliyogawanywa zamani warithi walipogawana, na mlango uliokuwa ukiunganisha pande mbili ukazibwa kutokea kwa jirani. Kuta za hizi nyumba ni nene, kwa hivyo ile ziba haikufika mpaka usawa wa ukuta wa chumbani kwangu, pamebaki shubaka refu la kimo cha mlango, upana kama sm 93 na kina kama sm 24. Mbavu mbili za pembeni ni mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya wazee. Nyuma ni bloku za simiti. Hilo la vitu viwili tofauti ndani ya shubaka moja lishike, manake kwenye kutoboa ndo litakupa shida.

Sio zidaka hizi, vile vijishubaka vya plasta vya ukutani. Zidaka zenye nakshi sizigusi na wewe usiziguse, mji mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na hata bila orodha plasta ile ikimeguka humpati mtu wa kuirudisha ilivyokuwa. Hapa ni tundu la mlango tu halina pambo lolote. Ami mwenye nyumba nilimuuliza kwanza, akanambia mbavu toboa ila kizingiti cha juu nikiate (nikiache), kimebeba ukuta.

Haya, vipimo. Nilipima pale ambapo kila shelfu itakaa, na kila mahali mbele na nyuma. Ya chini, sm 60 toka sakafuni: mbele 93.0, nyuma 91.2. Ya kati, sm 105: mbele 93.8, nyuma 92.4. Ya juu, sm 150: mbele 92.7, nyuma 90.6. Kina kushoto 23, kulia 24.5. Yani hakuna namba inayojirudia, na shubaka zima limebana kwa nyuma kuliko mbele, ambayo kwa bahati ni afadhali, lingekuwa limebana mbele shelfu isingeingia kabisa.

Tepu usiiamini ndani ya pembe manake inakunjika pale mwisho na wewe unakisia. Chukua fito mbili nyembamba zilizonyooka, zishike pamoja, zitelezeshe mpaka kila moja iguse ukuta wake, piga alama ya penseli pale zinapopishana, halafu zitoe uzirudishe kwenye alama upime juu ya meza. Tepu peke yake ilinipa 91.8 kwa nyuma ya shelfu ya chini, fito zikanipa 91.2. Hiyo milimita 6 ndo ingenipeleka dukani tena.

Kwanini shelfu za dukani na Lamu imejaa mafundi mbao? Bei. Fundi alinipigia hesabu ya mbambakofi, mbao tatu nene, shilingi 14,500 na kufunga. Ni bei ya haki kwa mbao ile lakini sina, na mfungo sita unakaribia, wageni wa Maulidi watakuwa wanalala chumba hiki na vitabu vyote viko chini kwenye maboksi.

Jumapili 13 Julai: mzigo umefika

Shelfu tatu, kila moja urefu sm 100, kina sm 25, unene sm 5, rangi ya mbao ya hudhurungi. 1,800 moja, Mombasa. Basi hadi Mokowe, gati la bara, 500 kwa mzigo wote, boti na mkokoteni 350. Kusi imechachamaa na bahari haina adabu miezi hii, boksi moja limelowa pembe ndani ya boti, na nilipofungua ile pembe ya shelfu ilikuwa imeshavimba, laini ukiibonyeza kwa kucha. Ni sehemu ambayo itakatwa kwa hivyo sikulia sana, lakini nimeona kwa macho yangu maji kidogo yanafanya nini kwenye MDF, ile mbao ya unga wa mbao ulioshindiliwa.

Kabla ya kukata chochote jua ndani kuna nini. Igonge kwa kidole toka upande hadi upande usikilize. Kingo zinalia nzito, katikati inalia tupu. Hizi si mbao nzima. Ni ngozi mbili za MDF za mm 3, juu na chini, zimebandikwa karatasi yenye picha ya mbao, na katikati mna kadibodi imekunjwakunjwa kama sega la nyuki. Kuzunguka ndo kuna fremu ya mbao halisi: mbele sm 2, pembeni sm 3, nyuma sm 2.5, na hiyo ya nyuma ina matundu mawili ambapo zinaingia nondo za kile chuma cha kufungia ukutani.

Sasa ona tatizo. Nahitaji kutoa kama sm 7 kwenye urefu. Nikitoa zote upande mmoja matundu ya nondo yanakuwa hayako katikati tena na upande uliokatwa unabaki mdomo wazi. Nikigawa, sm 3.5 kila upande, fremu za pembeni zote mbili zinaondoka, midomo miwili wazi. Na kina nacho: shelfu ni 25, shubaka kushoto ni 23, na nataka uso wa shelfu uingie ndani kidogo usiwe usawa na ukuta, kwa hivyo kuna kukata nyuma pia, na nyuma ndo kuna matundu. Chuma cha dukani hakina kazi tena hapo. Nililala nalo hilo.

Ila nilitengeneza patani za kadibodi, na kama kuna kitu kimoja cha kuiga kwenye mradi huu ni hiki. Usikate kadibodi moja ya upana mzima, hutaiweza. Kata mbili, kila moja izidi nusu kidogo. Ya kushoto isukume kwenye pembe ya kushoto, pale inapogusa punguza kwa kisu, sukuma tena, punguza, mpaka imekaa kwenye ukuta bila mwanga kupita. Ya kulia vivyo hivyo. Halafu ziache zipishane katikati, zibane kwa selotepu zikiwa ndani ya shubaka, ndo uzitoe. Sasa una shubaka lako mkononi. Pale ukuta una mawimbi kisu hakifuati vizuri, kwa hivyo nilichukua washa ya bolti, nikaweka ncha ya penseli ndani ya tundu la washa nikaiviringisha ukutani, inachora mstari unaofuata kila kibonde. Andika JUU kwenye uso wa juu, na namba ya shelfu. Patani isiyoandikwa ukiigeuza inakupa shelfu ya shubaka la mtu mwingine.

Jumamosi 19 Julai: kukata ya kwanza

Nilianza kwenye kipande cha pembeni ambacho kitatupwa, kwa msumeno wa mkono wa kawaida wa fundi, meno makubwa. Ile karatasi ya picha ikabanduka vipande vipande, kingo ikawa nyeupe yenye meno. Haifai. Nikabadilisha nikatumia jigiso (msumeno mdogo wa umeme) ya kuazima na msumeno mpya wa meno madogo (200 kwa miwili), na hapa kuna jambo la kuelewa: jigiso inakata ikipanda juu, kwa hivyo uso unaobanduka ni ule wa juu. Laza shelfu uso mzuri chini. Msumeno wa mkono ni kinyume, unakata ukishuka, uso mzuri uwe juu. Halafu kwenye mstari bandika selotepu ya karatasi, chora juu yake, pitisha kisu kikali na rula mpaka ile karatasi ya picha ikatike kabla msumeno haujafika. Kwa hayo matatu kingo ilitoka safi, sio ya kiwanda lakini safi, na isitoshe pembeni hakuonekani, kunagusa ukuta.

Shelfu ya kati ndo ilienda kwanza. Ikakatwa kufuata patani, nyuma nyembamba mbele pana. Ikaingia mpaka kama theluthi mbili ikagoma. Patani ilikaa vizuri, shelfu haikai, na zote zina umbo moja! Kumbe kadibodi haina unene. Ukuta wa kushoto una tumbo la plasta ambalo kwenye kimo cha sm 105 halipo lakini sm 3 juu yake lipo, na shelfu ina unene wa sm 5, uso wake wa juu unakutana na lile tumbo. Kwa hivyo patani ziwe mbili kwa kila shelfu, ya usawa wa chini na ya usawa wa juu, na ukate kwa ile ndogo. Sikukwangua plasta. Nilipunguza shelfu mm 4 upande ule kwa randa, pengo litazibwa.

Stima zikapotea saa kumi, kazi ikaishia hapo.

Jumapili 20 Julai: chuma cha dukani kimestaafu

Fundi mmoja wa milango, mtu mzima, alikuwa anapita kumsalimia Ami akaingia kutizama. Akakaa kwenye kiti akaitizama ile shelfu yenye midomo wazi, akaingiza vidole ndani ya lile sega akalivuta likatoka kama mkate wa mofa uliopoa, akacheka.

"Sasa hii si ala ya jambia hii? Tengeneza jambia."

Nikamwambia, "Ami fundi, sijakufahamu." Akaeleza: shubaka lina kuta tatu, mbona wataka kuning'iniza mzigo wote kwenye nondo mbili za nyuma? Funga mbao ukutani, nyuma na ubavu na ubavu, halafu hiyo shelfu tupu uivishe juu yake toka mbele. "Kipande cha mbele kiate, ndicho uso wake. Hivyo vyengine vyote toa."

Na ndo mpango ulioendelea. Shelfu inakuwa ganda tu, na fremu iliyofungwa ukutani ndo inabeba. Faida yake kubwa ni kwamba fremu haihitaji kubana ukuta kila mahali, inahitaji kuwa sawa na pima maji, na lile ganda ndo linafuata mawimbi ya ukuta. Kazi mbili zimetenganishwa. Kwa chuma cha dukani kitu kimoja kingelazimika kufanya yote.

Kwa hivyo nikakata nyuma ya kila shelfu kwa jigiso, nikibana mbao iliyonyooka iwe njia. Kushoto ilitoka sm 3, kulia sm 1.5 kwa sababu ya ule mshazari wa kina. Kushoto fremu ya nyuma ikaondoka yote, kulia kikabaki kipande chembamba kikiisha taratibu, nikakitoa kwa patasi polepole manake kimegundishwa kwenye ngozi na ukivuta kwa hasira ngozi ya mm 3 inachanika. Pitisha patasi katikati ya mbao, ipasue, halafu kila nusu iondoe ukielekea ndani. Sega nalo nililitoa sm 5 kuzunguka pande tatu. La katikati liate, limegundishwa juu na chini na ndo linazuia ngozi zisibonyee.

Jumamosi 26 Julai: matundu

Mbao ya fremu: inchi 2 kwa 2 ya sipresi futi 14, 45 kwa futi, jumla 630. Ndani ya ganda kuna nafasi ya mm 44 (50 toa ngozi mbili), nikampelekea fundi mwenye mashine akairanda iwe mm 44 kamili, 200. Hiyo "kamili" tutairudia.

Nyuma kwenye bloku hakukuwa na shida, biti ya mm 8, plagi ya plastiki, skrubu za mm 100 za chuma kisichoshika kutu. Usitumie skrubu za kawaida huku, hewa ya chumvi inazila, na ukuta wenyewe wa mawe ya bahari una chumvi yake. Skrubu na plagi 620 zote.

Mbavuni ndo kasheshe. Drili ikiwa kwenye kugonga, biti ya 8, ndani ya dakika tundu limekuwa pana naweza kuingiza kidole, unga mweupe unamwagika, plagi inazunguka ndani haishiki kitu. Jiwe la tumbawe lina vitundu na chokaa ya zamani ni laini, kule kugonga kwa drili kunavunja kuliko kutoboa. Nikazima kugonga nikatoboa kwa kuzungusha tu: tundu zuri, la duara, lakini plagi bado inalegea skrubu ikikazwa, inakamua plasta badala ya kushika.

Kilichoshika ni vigingi vya mbao. Fundi alinipa masalio ya mbambakofi, nikachonga vigingi vya sm 7, vyenye pande nane, ncha imepungua kidogo. Tundu la biti ya 12 bila kugonga, vumbi lote lipulizwe nje (nilitumia mrija wa soda, funga macho), kigingi kipigwe nyundo mpaka kisikike kimebadilisha sauti kimegusa jiwe. Kikatwe usawa wa ukuta. Halafu tundu dogo la mm 3 katikati kabla ya skrubu, bila hilo kinapasuka. Skrubu ikikazwa hapo mbao ya fremu inavutwa ukutani mpaka inalia. Kuna tundu moja lilikutana na uwazi baina ya mawe, biti ikazama yenyewe, hilo nimeliziba kwa chokaa nikahamia sm 3 pembeni. Ndo uzuri wa fremu, skrubu waweka popote jiwe linapokubali.

Kabla sijasahau, lile tundu nililoliharibu usilizibe kwa simiti. Simiti kwenye ukuta wa chokaa inafungia unyevu ndani na baada ya muda plasta iliyoizunguka inaanguka. Chokaa na mchanga, 150 kwa kiasi cha ndoo ndogo na imebaki.

Ijumaa 1 Agosti: fremu zimekaa, na suala la kizingiti

Nyuma kwanza kwa pima maji, halafu mbavu zikifuata toka pembe. Hii ilikwenda haraka baada ya swala ya Ijumaa.

Ila shelfu ya juu nimeishusha toka 150 hadi 144. Kizingiti cha ule mlango kimelala kulia kama sm 1, na fremu iliyo sawa kwa pima maji ukiitizama karibu yake inaonekana yenyewe ndo imelala. Mke wangu alipita akasema "hiyo imepinda," nikaweka pima maji, akasema basi pima maji imepinda. Ana haki, jicho linalinganisha na kilicho karibu. Kushusha sm 6 kumetosha, sasa hakuna anayesema kitu. Kumbuka ukishusha shelfu patani yake imekufa, tengeneza nyingine. Bahati nilikuwa bado sijaikata mbavu.

Jumapili 3 Agosti: kuvisha

Ya kati ikavishwa, ikaenda karibu yote, ikakwama. Haiendi mbele hairudi nyuma. Nafasi mm 44, mbao mm 44, na mbao imekaa chumbani na unyevu wa pwani imekunywa, na ndani ya ngozi mna gundi kavu ya lile sega iliyobaki vinundu. Kuitoa ilikuwa kazi, hakuna pa kushika, uso wa mbele umekaa usawa na ukuta na ukiugonga unaingia zaidi. Nilipitisha visu viwili vya mezani pembeni nikainyanyua kidogo kidogo, karatasi ya picha ikachubuka mahali pamoja kwenye pembe, nimeipaka kalamu ya hudhurungi.

Marekebisho: randa mpaka mm 42.5. Ndani ya ganda pitisha patasi iliyolala kutoa vinundu vya gundi. Halafu mshumaa, paka mshumaa juu na chini ya fremu mpaka ing'ae. Na kabla ya kila jaribio zungusha kamba mbili nyembamba nyuma ya shelfu, ncha zitokeze mbele, ikikwama unavuta kamba. Ukishamaliza unavuta ncha moja kamba inatoka. Kwa hivi zote tatu zimeingia kwa kusukuma kwa kiganja.

Ile mm 1.5 iliyobaki inacheza, kwa hivyo vipande vya kadibodi ya boksi lenyewe chini, halafu skrubu fupi za kushikilia. Wapi kuziweka: shelfu ya juu, iliyo karibu na usawa wa macho, skrubu zipige toka juu, hazionekani sana. Ya chini zipige toka chini, hakuna atakayelala sakafuni kuzitafuta, labda paka. Ya kati nimeziweka chini, kwenye pembe za nyuma.

Jumamosi 9 Agosti: mapengo, na uvimbe

Mapengo pembeni yalikuwa kati ya mm 1 na mm 5. Shelfu ya chini niliziba kwa chokaa laini siku ileile, ikalowa, ikapendeza. Asubuhi kingo ya kulia imevimba karibu mm 2 na karatasi ya picha imejiinua toka mbele kwenda nyuma kama sm 10. Chokaa mbichi ina maji, MDF iliyokatwa mdomo wazi inayanywa yote. Ile pembe iliyolowa kwenye boti ilikuwa imeshanionyesha, lakini kichwani nilikuwa nimeihesabu ni habari ya baharini tu.

Imeachwa ikauke kabisa, wiki nzima na feni. Uvimbe ulipungua lakini haukwisha. Nikainua karatasi ya picha kwa kisu, nikasugua MDF kwa msasa mpaka usawa, gundi nyeupe nyembamba, nikairudisha kwa pasi ya moto mdogo na kitambaa katikati. Ukijua pa kutizama utaona. Gundi 250.

Zile mbili nyengine nilizivua, kingo zote zilizokatwa zikapakwa vanishi (350), ya kwanza ikanyweka yote kama haikupakwa, ya pili ndo ikakaa juu. Zikakauka, zikavishwa, halafu ndo chokaa, na chokaa yenyewe kavu kidogo, ikisukumwa kwa kisu cha siagi. Hazijavimba. Laiti ningejenga upya ningepaka vanishi siku ya kukata, kabla ya kitu chochote.

Nyuma sikuziba. Kuna mm 5 baina ya ganda na bloku, iachwe hivyo, ukuta huu unatoa jasho miezi ya masika na hewa lazima ipite.

Jumapili 24 Agosti: mzigo na hesabu

Jaribio: mtungi wa lita 20 umejazwa maji, kilo 20, katikati ya shelfu ya kati, usiku kucha. Nilifunga uzi toka pembe hadi pembe mbele kabla, asubuhi katikati imeshuka mm 2, mtungi ulipotolewa ikarudi karibu yote. Hapo ndo ngozi ya mm 3 na lile sega vinafanya kazi vyenyewe, fremu haifiki mbele katikati. Kwa vitabu vilivyotandazwa naridhika. Kwa kitu kizito kinachokaa sehemu moja, kama chuma cha kutwangia au redio za zamani za valvu, kiweke pembeni karibu na ubavu.

Gharama zote: shelfu 5,400, usafiri 850, mbao na kuranda 830, skrubu na plagi 620, gundi 250, vanishi 350, chokaa na mchanga 150, misumeno ya jigiso 200. Jumla 8,650. Jigiso na drili za kuazima, fundi hakutaka pesa akakubali samaki. Ukitoa hiyo kwenye 14,500 ya mbambakofi nimeokoa 5,850, na nimepata shelfu za karatasi badala ya mbao itakayonizika, kwa hivyo hesabu kila mtu aifanye mwenyewe. Kama ningekuwa na pesa ningechukua mbambakofi nikapige usingizi.

Vyuma vitatu vya dukani na nondo zake viko ndani ya boksi, vipya, mwenye ukuta wa bloku ulionyooka aje avichukue. Vitabu vimeshapandishwa, vizito vimekaa mbavuni. Uzi nimeuacha kwenye shelfu ya kati, nitapima tena wageni wakiondoka, na kama ile mm 2 imekuwa 4 nitaongeza mbao ya inchi 1 kwa 1 ndani ya ganda nyuma ya uso wa mbele, toka ubavu hadi ubavu, na nitaandika hapa imekwendaje.